Kahawa Iliyorudi Jikoni

Mzungu yule wa kutoka Pemba, wa dini ya Marafiki,
alikuja Mkomani na koti la rangi ya jivu
na kofia asiyoivua kwa liwali wala kwa kadhi.
Wakaketi dakani, yeye na Maalim Bwanamkuu.
Nikawapelekea dele na vikombe viwili.

"Nani katwanga buni hii?"
"Zafarani, mjakazi wa nyumba."
Mzungu akakisukuma kikombe kwa ncha ya kidole,
akasema hanywi jasho lisilolipwa.

Alikikataa kwa ajili yangu.
Nikakirudisha jikoni, nikakinywa mwenyewe, wima,
nisijue nishukuru au nione haya.
Nilikuwa nimetia hiliki.

Nyuma ya pazia nikawasikia.
Huyu: Mungu ametia nuru ndani ya kila mtu,
na nuru hainadiwi sokoni.
Yule: Kitabu kimeweka mlango,
na ufunguo wake ni ulimi wa bwana.
Huyu: Mbona kufuli lina kutu?
Yule kimya. Kisha: Na babu zenu, hawakuwa na majahazi ya watu?
Huyu naye kimya.
Hapo tu ndipo walipokubaliana,
nami nikasikia maji yakitona birikani.

Bibi yangu, Mwana Nuru binti Famau, alikuwa na hoja yake:
"Wakitolewa wote na Serikali,
siku nikivunja kiapo, kafara nitamwacha huru nani?"
Kumbe mimi nilikuwa akiba
ya dhambi ambayo hajaitenda.

Serikali ikaja na mfuko.
Rupia zikahesabiwa, zikapangwa, akapewa yeye.
Mimi nikapewa karatasi.
Wenzangu wakacheka: karatasi haiozeshi mtu.
Mpaka atamke, wakasema. Mpaka atamke.

Nikaenda nikaketi mkekani, mbele yake.
Nilimwona Mzungu akisali vile:
hasujudu, haimbi, hafungui kitabu,
anakaa tu mpaka neno lije lenyewe.
Nikakaa.
Zidakani mlikuwa na sahani arubaini na moja za Kichina.
Ya ishirini ina ufa; naujua, niliupata mimi,
na kofi lake nalijua.
Adhuhuri ikapita. Nzi akatua gotini kwake, akaondoka.
Alasiri ikaadhiniwa.
Mwana Nuru akafunga kitasa cha bangili, akafungua, akafunga.
Akasema, bila kunitazama:
"Nenda na ndia yako. Na kahawa imekwisha."

Nimemuuliza Maalim: hilo ni tamko,
au nilitumwa dukani?
Akafungua kitabu. Mwaka wa tatu huu.

Huja kufikiri kibarazani kwangu, Langoni,
mbele ya dele langu na mkaa wangu.
Juzi kasema kauli imeelekea kwangu,
jana kasema imeelekea kwake.
Kikombe pesa moja.
Hunywa viwili, hulipa viwili.
Cha bure sijampa.