Kitanda cha Bi Mwanaidi

Usiku wa Iddi mosi, Magomeni, tumelala kumi na tisa,
miguu ya Tanga kwenye mbavu za Mbagala,
shangazi Zuhura anakoroma kwa Kidigo.
Luku imekwisha. Feni kimya.
Mbu nao wanakula pilau lao.

Kitanda cha bibi kitupu.
Shuka limenyooshwa, mto haujabonyea.
Hakuna aliyesema kisilaliwe,
hakuna aliyekisogelea.

Alfajiri tukamkuta Shamte, miaka minne,
kajibwaga katikati, kidole mdomoni,
kakojoa.

Baba mdogo kasimama mlangoni, mswaki mkononi.
Mama akacheka,
akacheka mpaka akakaa chini, akalia,
kisha godoro likaanikwa uani,
duara lake kubwa kama sinia.

Iddi pili usiku
tukagombania upande mkavu.