Nne Juu ya Kumi

Nilimpa kunguru nne juu ya kumi.
Nikaeleza kwa Kiarabu safi, safu nzima ya gazeti,
kwamba kamera inageukia ukuta kila anapotokea adui,
kwamba ukibonyeza leo, yeye anaruka kesho,
kwamba hatua ya tatu, ile ya mabomba,
imeazimwa kwa wenzao bila hodi.
Mhariri alifurahi. Akakata aya moja tu,
ile niliyosifia buti zake.

Wenzangu hawakuwa na huruma zaidi.
Wa Dubai alitoa tatu, akaandika kama anayetema mbegu.
Wa Kuwait alitoa tano, moja katika hizo ya muziki.
Wa Doha hakufika mwisho, akakiri,
na kukiri kwake kukawa hukumu kali kuliko zetu.
Sote wanne, bila kuulizana,
tulicheka jambo moja:
kunguru gani huyu, ana mbawa mbili kamili,
na akifika shimoni anaruka kwa miguu
kama mtoto anayevuka mfereji?
Kwa Kiarabu nilikuwa na vitenzi viwili,
kimoja cha miguu, kimoja cha mbawa,
na katika mwanya baina yao nikamzika.

Diski nikampelekea shangazi Ghariba, Mabela.
Si zawadi. Nilikuwa napunguza vitu chumbani,
na kwake ilibaki konsoli kuukuu
tangu wajukuu wahamie Salala.

Ijumaa ya Agosti, joto arobaini na sita,
madirisha ya mtaa mzima yamefumba,
kiyoyozi kinadondosha maji ndani ya ndoo ya rangi,
nikamkuta chini kwenye zulia, miguu kainyoosha,
miwani puani, rimoti mkononi
(anaiita rimoti, nimechoka kumsahihisha),
vitumbua vimepoa pembeni.
"Nyamaza," akasema, sijatoa hata salamu.
Kunguru akakimbia. Kamera ikageukia ukuta.
"Geuka weye! Geuka nakwambia, kiumbe usiye haya!"
Akaanguka.
Shangazi akatupa kichwa nyuma, akacheka
kicheko nilichodhani kilizikwa na mumewe.
"Mara ya arobaini na moja tangu alfajiri."

Nikamwambia, shangazi, gemu hili bovu.
"Bovu mno," akajibu, macho hayakubanduka.
"Hii kamera kaitengeneza nani, hasimu wake?
Lakini ubovu wake nishaujua.
Hapa unahesabu moja, ndipo unabonyeza.
Miaka ishirini na minane wodi ya usiku,
mashine zetu zilichelewa hivi hivi.
Unazizoea, mgonjwa hafi."

Nikamwuliza swali letu, lile la wakosoaji wanne,
kwa Kiswahili, maana nyumba ile haisemi kingine:
"Mbona kunguru haruki, anaruka tu?"
Nikasikia sentensi ikinigeukia mdomoni.
Shangazi akasimamisha mchezo, mara ya kwanza siku hiyo.
"Rudia."
Nikarudia. Haikuwa bora.
"Haruki, anaruka," akasema taratibu, kama anayeonja chumvi.
"Mundhir mwanangu, na kwa kazi hii wanakulipa?"

Kisha akamwonea huruma, yeye au mimi, sijui:
"Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.
Huyu keshaukimbiza, ila kasahau kaupeleka wapi.
Basi, na atumie buti."

Sikubadilisha alama. Nne ni nne,
na kamera ile ni mbovu hadi leo.
Ila ilipoadhiniwa alasiri
alinitilia rimoti mkononi, ina joto la viganja vyake.
"Shika, niende nikatawadhe. Na usife."
Nikahesabu moja. Nikabonyeza.
Maji yalikuwa bado yanatiririka bafuni
nilipoanguka, mara ya arobaini na mbili,
na mara hiyo
sikumwambia.