Thelathini na Tatu

Kawanda, saa moja kasorobo asubuhi.
Nakyanzi yuko juu ya ngazi na brashi,
anapaka chavua ya mgomba wa mwituni
kwenye ua lililofumbuka usiku.
Mimi chini nashika ngazi, na daftari.

Mikungu mia. Mbegu tatu.

Matoke hayana mbegu, ndiyo maana yanalika:
kila seli ina kromosomu thelathini na tatu,
kumi na moja mara tatu,
na zikiitwa kucheza wawiliwawili
daima moja hubaki ukutani.
Basi mgomba hurithishwa kwa jembe.
Chipukizi la shangazi kule Mityana
ni huyuhuyu wa uani kwetu,
mwili mmoja uliotembea kwa miguu ya watu.

Mwaka jana mbegu moja ilikubali kuota.
Jani safi, bila doa jeusi hata moja.
Tulimenya, tukafunga, tukapika kwa mvuke,
tukamwita Nalweyiso wa jikoni aonje.
Akatafuna. Akanyamaza. Akatema.
"Hii? Siwapi wageni wangu."

Jeni ya ukinzani na jeni ya ukakasi
ni shanga jirani kwenye uzi mmoja,
chanda na pete, huja pamoja.
Uzi huweza kukatika katikati yao
na kuungwa na mwenzake,
mara moja, labda, katika mbegu elfu.

Mikungu mia. Mbegu tatu.
Napiga hesabu pembeni mwa daftari, kisha naifuta.

"Sogeza ngazi," anasema Nakyanzi,
umande ukimwingia shingoni.