Mi Isiyolia

Piano yake ilikuwa na mi moja iliyokufa,
ile ya katikati, chini kidogo ya jina la kiwanda
lililokwisha kubanduka herufi mbili.
Ukiibonyeza inashuka, inapanda,
taratibu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa tu.

"Mi haipo," alituambia siku ya kwanza.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani ananisema mimi.

Nyumba ilikuwa Muhumba, upande unaoteremka ziwani:
chumba cha mbele, pazia la kijani,
na sahani ya makala baridi chini ya piano
ili yanyonye maji ya hewa.
Msimu wa mvua mbao zilivimba,
fa na sol zikashikana kama ndugu wanaogombea shamba,
naye akazitenganisha kwa kisu cha siagi
huku akiendelea kuhesabu: moja, mbili, tatu.

Mama Nsimire hakuwa mpole. Niseme kweli.
Alitugonga vidole kwa kitana.
Alitunyima chai hadi mstari uishe.
Mama yangu alilipa kwa maharagwe, wengine kwa sabuni;
Murhula hakuwa na kitu, akaambiwa abebe maji,
akabeba, na akacheza kutuzidi wote.
"Legeza kifundo cha mkono. Hapa si shambani."
"Rudilia. Hakuna gari inakungoja."

Tukifika kwenye mi tulitaka kuiruka.
Kuna haja gani ya kugonga mlango wa nyumba tupu?
Hapo ndipo sauti yake iliposhuka:
"Ibonyeze. Isiyolia nayo ina muda wake.
Uipe wote."

Umeme ulikatika karibu kila jioni.
Hakuwasha mshumaa, mishumaa ilikuwa ya Jumapili.
Tulijifunza nyeusi kutoka nyeupe kwa ncha za vidole,
kama mtu anavyotafuta kikombe cha maji usiku kwa mama yake.
Na ile wiki ya risasi, barabara zilipofungwa,
tulilala chini ya piano, sisi wanne na yale makala,
naye juu ya vichwa vyetu akagonga somo kwenye ubao,
kwa kucha, bila waya hata mmoja kulia.
Tuliujua wimbo.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mpiga piano.
Cibalonza ni mkunga. Mtoto akitoka kimya,
mikono yake inafanya kazi na midomo yake inahesabu,
hakimbii ule ukimya.
Birindwa anapeleka lori Uvira, kona baada ya kona,
na anasema breki nazo zina kifundo.
Murhula anachanganya saruji.
Mimi natengeneza simu pale Nyawera;
wateja huniuliza kwa nini sina haraka.

Alikufa mwezi wa tano. Presha.
Matangani, parokia ilituazima kinanda cha umeme,
kipya, kisichojua unyevu wala kisu cha siagi.
Tukapiga kwa zamu kile kipande kidogo cha kwanza.
Hatukuwa tumeagana neno.
Cibalonza alipofika kwenye mi
kidole chake kilitua juu yake, hakikubonyeza,
kikakaa pale muda kamili, kikaondoka.
Birindwa vilevile.
Murhula, saruji ikiwa bado kwenye kucha, vilevile.
Kijana wa parokia akainama kukagua waya.

Zamu yangu. Sijui kwa nini.
Niliibonyeza.

Ikalia.
Miaka ishirini na kitu, sikuwahi kukisikia kipande kile kizima.
Ilikuwa sauti ndogo tu, ya kawaida,
waombolezaji waliendelea na chai yao.
Murhula peke yake aliinua kichwa.

Kisha nikakosea noti iliyofuata,
na nusura nifiche vidole.