Droo ya Ishirini na Mbili

Saa moja asubuhi, na Lyon bado ina tongotongo.
Mto Saône umejifunika ukungu hadi shingoni,
na sisi tumeshapika utumbo.

Usishangae. Mlima huu wa Croix-Rousse
ulilishwa hivi tangu enzi za wafumaji hariri,
watu waliogombana na vitanda vya mfumi gizani
na jua likichomoza wakashuka ngazi,
njaa imewatangulia.

Wafumaji wameondoka, majina yamebaki mezani.
Jibini laini, lililopigwa kwa siki na vitunguu majani,
tunaliita ubongo wa mfumaji.
Nani aliwatukana hivyo, sijui.
Utumbo uliogaragazwa kwenye chenga za mkate, ukakaangwa,
huo ni aproni ya zimamoto.
Watalii hucheka, hupiga picha, huacha nusu.
Mimi, Anthelme, mhudumu wa mwaka wa thelathini na moja,
nayajua majina ya vyakula kuliko ya binamu zangu.

Nyuma ya kaunta kuna kabati
lenye droo arobaini, kila moja upana wa kiganja,
kila moja na nambari ya shaba.
Humo hulala vitambaa vya wazoefu.
Droo hainunuliwi. Haiombwi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
kwa Bi Guillemette, hata mwaka wa tatu
utapewa kitambaa cha karatasi
na jicho la kukupima.

Ya ishirini na mbili ilikuwa ya Fleury Chavanne, mpiga chapa,
aliyepangusa mchuzi kwa ganda la mkate
hadi sahani ikaona haya kuoshwa.
Alituacha Novemba.
Kitambaa chake kilibaki humo,
na doa la divai lenye umbo la sikio.
Bwana mmoja wa benki aliitaka droo ile.
Alipewa kitindamlo bure, na kimya.

Blandine huja Alhamisi, akitoka zamu ya usiku
hospitalini, ng'ambo ya mto.
Hukaa karibu na mlango wa jikoni,
penye joto na kelele, pasipotakwa na mtu.
Hula polepole, viatu vyeupe vimelaliana chini ya meza.
Miaka miwili, maneno matatu:
habari, asante, bili.

Leo kaingia, hakuketi.
Kasimama katikati ya waezekaji paa na muuza maua:
"Chupa moja kila meza. Nalipa mimi."
Meza zilikuwa sita.
Régis, mwezekaji, alifungua kinywa aulize sababu;
muuza maua akamkanyaga mguu.
Huenda mtu kapona.
Huenda mtu hakupona,
wala hakuwa na mwingine wa kumnywea.
Uso wa Blandine haukusema lolote.

Tukanywa. Utumbo ukaja ukifuka mvuke,
haradali ikatupanda puani,
kila mmoja akapata kisingizio cha machozi.

Bi Guillemette akatoka jikoni,
unga hadi viwikoni,
akaifungua ishirini na mbili.
Kitambaa cha Fleury akakikunja mara nne,
akakitia mfukoni mwa aproni, upande wa ndani.
Akaweka kingine, cha mistari myekundu,
kilichopigwa pasi jana usiku.

Jana usiku, nasema.
Nilimwona kwa macho yangu, nikadhani ni cha mpwa wake.
Kabla ya chupa, kabla ya neno la nne.

Nikapeleka bili. Bibi alikuwa amefuta chupa tano.
Ya sita kaiacha.
"Deni dogo," alininong'oneza,
"humjulisha mtu njia ya kurudi."

Blandine hakuuliza. Alikuwa ameinama,
anapangusa mchuzi kwa ganda la mkate,
na nje ukungu ulikuwa umefika mlangoni,
kama mtu asiyejua kama tumefungua.