Tathmini ya Mchezo wa Chumvi

Sanduku lina uzito wa kilo tatu na nusu.
Naanza na hilo kwa sababu wasomaji wangu huuliza:
litaingia kwenye rafu? Litaingia, kwa kulalia ubavu.
Ndani mna kete themanini za mbao, nyeupe, zenye pembe kali,
dadu sita nzito kuliko inavyohitajika,
na kitabu cha kanuni, kurasa thelathini na mbili,
kilichoandikwa, nadhani, na mtu anayeogopa kushtakiwa.

Tumeucheza mara tatu. Hiyo ndiyo sheria yangu:
mara moja kujifunza, mara moja kukosea,
mara ya tatu ndipo mchezo unapovua koti.

Mara ya kwanza tulikuwa watatu, hapa Kassel, ghorofa ya nne,
theluji ya Februari imeng'ang'ania kioo.
Gesche alisoma kanuni kwa sauti hadi chai ikapoa.
Volkmar, anayehesabu hata vijiko vya sukari vya wageni,
alivuna chumvi kila zamu, akauza, akavuna, akauza,
akatushinda kwa alama kumi na nne, akaomba radhi
kwa sauti ya mtu asiyejuta.
Mara ya pili, vivyo hivyo.
Nikaandika daftarini: Njia ni moja. Mwenye pupa hushinda.
Alama tano kwa kumi. Nikapigia mstari.

Mara ya tatu, saa tano kasorobo usiku,
mlango ukagongwa.
Bwana Dudek wa ghorofa ya tatu, kandambili miguuni,
amekuja kuzishtaki dadu:
"Zinaniangukia kichwani kama mvua ya mawe."
Gesche, ambaye hana haya, akamvutia kiti.

Akakaa. Sijui kwa nini watu hukaa.
Akauliza swali moja tu: "Nisipovuna, je?"
Nikafungua ukurasa wa ishirini na sita, maandishi ya sisimizi:
bwawa lisiloguswa huongeza kete moja, kisha mbili, kisha tatu.
"Basi napita," akasema.

Akapita. Zamu ikamrudia, akapita.
Volkmar akamwonea huruma, akamweleza polepole,
kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia ya stesheni.
Akapita.
Mabwawa yake yakaanza kuwa meupe,
kete juu ya kete, minara midogo,
na sisi tuliokuwa tukikimbilia sokoni na vikonzi vyetu
tukaanza kupunguza sauti.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndivyo wasemavyo;
usiku ule matumbo yaliyouma yalikuwa yetu.

Zamu ya mwisho akavuna kwa mikono miwili.
Tisini na moja. Volkmar hamsini na nane.
Volkmar akahesabu tena. Akahesabu tena.
"Miaka thelathini na mmoja," akasema Dudek,
"nilikaa kwenye kibanda cha ishara za reli, nje ya Bebra.
Walionifundisha kazi
walinifundisha kwanza kutogusa kitu."
Akanywa chai iliyopoa, akashuka ngazi.

Leo Alhamisi, na tathmini inatakiwa kesho.
Volkmar amenitumia hesabu, karatasi mbili, pande zote:
mchezo umevunjika, asiyefanya lolote hushinda, waonye watu.
Huenda ni kweli. Hesabu zake hazikosei.
Lakini mimi ndiye niliyekaa kando ya mzee.
Mkono wake ulitoka kuelekea kete,
ukasimama hewani, ukarudi chini ya paja,
na paja likaubana.
Hilo halimo kwenye karatasi mbili.

Kwa hiyo: picha za sanduku ni mbaya.
Wino wa njano hauonekani chini ya taa.
Mkiwa wawili tu, msinunue.
Alama: nimefuta tano, nimeandika nane, nimefuta nane.

Na jambo la mwisho. Nilipopanga vitu sandukuni
kete zilikuwa sabini na tisa.
Nimeinua zulia, nimepekua mfuko wa takataka.
Mtengenezaji hutuma ya kufidia bure, ukimwandikia.
Sijamwandikia.