Mita Haisogei

Miaka ishirini na sita nilisoma mita za watu,
Ubungo, Tabata, mpaka Segerea,
nikiinama kwenye vifuniko vyenye mende na mchanga,
nikiandika tarakimu kwa penseli.
Leo mita yangu mwenyewe, hapa Bonyokwa,
imesimama tangu Jumanne ya juma lililopita.
Bomba linakohoa. Linatoa upepo, kisha tone moja
la rangi ya chai, kisha linanyamaza
kama mdaiwa aliyesikia hodi.

Tausi yuko Masasi, anamkanda binti yetu;
mtoto hajatimiza arobaini.
Aliniachia funguo, dawa za presha, na mawaridi.
Dawa nimemeza.

Mawaridi niliyapa maji ya kuoshea mchele,
niliyapa maji ya udhu niliyoyakinga kwa beseni.
Hayakutaka. Waridi lina madeko,
linataka liulizwe hali asubuhi na jioni,
na jua la kaskazi halina adabu hiyo.
Dumu moja mia tano, bodaboda mia tano nyingine:
nikapiga hesabu kama zamani, nikaona
ua linakunywa maji ghali kuliko yangu.
Nikang'oa, usiku, jirani asione.

Asubuhi nikaenda kwa Chande, barabara ya Goba,
anakouza miche ndani ya makopo ya rangi.
"Nipe," nikasema, "mmea usiojua kuomba."
Hakucheka. Akavuta toroli, akapakia.

Mshubiri, mnene wa kimya,
aliyeficha kisima ndani ya jani
na kukizungushia miba.
Mnyaa, asiye na jani, vidole vitupu vya kijani;
utomvu wake usiupeleke jichoni.
Waridi la jangwani, ambaye si waridi
wala jangwa hajaliona,
kitako kipana, mikono mifupi,
kama shangazi aliyekuja harusini kukaa, si kucheza.
Na nyongeza ya bure, kopo la majani membamba:
maua yake hufunguka saa nne, hufunga saa nane,
sawasawa na ofisi yetu ya zamani.

"Huyu shangazi," Chande akasema, akimpapasa shina,
"ukimpenda sana anaoza."

Neno hilo nilirudi nalo kama jiwe kwenye kiatu.

Kwa sababu nilimkumbuka Bi Sijali wa Kisiwani,
deni la miezi mitano, nami nina spana mkononi.
Mlangoni pake palikuwa na mpungate
mkubwa, umejaa vumbi, mapera yake mekundu
yamepangana ukingoni mwa jani kama vifungo vya kanzu.
Sikumtazama usoni. Niliutazama mmea.
"Kata, baba," akasema. "Huyo hata hatajua kama ulifika."
Nikakata. Nikaandika. Nikaenda nyumba ya pili.
Nilidhani ananisuta. Labda alinisuta.
Labda alikuwa ananionyesha tu mmea wake.

Sasa nachimba kwa jembe la mpini mfupi,
nachanganya mchanga na kokoto zilizobaki za msingi,
kiuno kinalia, jasho linadondoka shimoni,
na hayo ndiyo maji pekee waliyopata siku ya kwanza.
Siku ya tisa, mnyaa umetoa kidole kipya.
Siku ya kumi na nne, shangazi amefumbua
ua moja la waridi, jeupe katikati,
juu ya tawi ambalo ningeapa ni kuni.
Nimekwenda kuangalia mita. Haijasogea.
Nimesimama pale, mstaafu mzima, nikicheka peke yangu.

Usiku simu ikalia.
"Mawaridi yangu yanaendeleaje?"
Kichanga kilikuwa kinalia nyuma ya sauti yake.
"Yapo," nikasema. "Yamebadilika kidogo."
"Yamebadilika vipi?"
"Yamenenepa."
Akanyamaza. Nikasikia beseni likiburuzwa sakafuni.
"Basi," akasema Tausi, "usiyazidishie maji."